Tuhesabuni na sisi tunaovua kwa miguu: Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mradi wa bandari Pemba

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia ujenzi wa bandari katika ghuba yetu,
pamoja na washauri walioandaa ripoti ya tathmini.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

YAH: KURUDIWA KWA TATHMINI YA ATHARI ZA MAZINGIRA NA JAMII KABLA YA KUANZA KUCHIMBA BAHARI

Waheshimiwa,

Sisi ni wakulima wa mwani, wavuvi wa madema (mitego ya samaki) na mishipi, wachokoaji wa pweza na waokotaji wa chaza wa ghuba moja ya pwani ya magharibi ya Pemba, hapo mnapotarajia kujenga gati jipya. Tunakuandikieni hadharani kwa sababu njia za ndani tumezimaliza. Tulianza kwa sheha, tukaenda wilayani, tukafika ofisi ya mradi. Barua zetu zimegongwa muhuri wa kupokelewa na nakala tunazo. Tulichokosa ni jibu. Sasa tunasikia kwamba mashine ya kuchimbia bahari italetwa masika yakimalizika, na tukizidi kunyamaza itaandikwa kuwa tumekubali.

Nitangulize jambo moja ili tusipotezeane muda: hatuipingi bandari. Hakuna haja ya kumweleza Mpemba faida ya bandari nzuri. Kila kitu chetu kinapita juu ya maji: unga, saruji, mafuta, karafuu zinazotoka, mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, mamia ya watu wakafa, na zipo nyumba ambazo mpaka leo hazijapona. Tunataka watoto wetu wapande meli nzima na washukie gati imara. Tunachodai ni kwamba kabla ya kuichimba bahari inayotulisha, ijulikane kwa ukweli kitaharibika nini, kitamharibikia nani, na huyo atafidiwa vipi.

Kazi ya kuyajua hayo ndiyo tathmini ya athari za mazingira na jamii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, Namba 3 ya mwaka 2015, haikuiacha iwe hiari kwa mradi mkubwa kama huu, na kabla yake ilikuwepo sheria ya mwaka 1996. Azimio la Rio la mwaka 1992 limeitaja tathmini katika kanuni ya 17, na haki ya wananchi kupata habari na kushiriki katika kanuni ya 10. Kwa hiyo hatuombi upendeleo. Tumeisoma ripoti yenu kwa msaada wa vijana wetu waliosoma, na haya ndiyo yanayotutia wasiwasi.

1. Mkutano wa wananchi ulifanywa wakati sisi tupo baharini

Aliyekulia pwani ya Zanzibar anajua kwamba wakati wa bamvua, siku za maji makubwa ya kujaa na kupwa, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Hizo ndizo siku za kazi. Saa mbili tunateremka, tunafuata maji yanavyorudi nyuma, tunafunga mbegu, tunakaza vigingi vilivyolegea, tunavuna mwani uliokomaa, na maji yakianza kujaa tunapanda. Mkutano wenu uliitishwa saa tatu asubuhi, siku ya bamvua. Waliohudhuria ni wazee waliokuwa barazani, viongozi, na vijana walioambiwa kwamba wanaotaka ajira wataandikishwa.

Ikapitishwa karatasi, juu yake imeandikwa "Mahudhurio". Watu wakaandika majina, wakatia saini, wakapewa soda na nauli. Karatasi ileile imebandikwa mwisho wa ripoti kuwa ushahidi kwamba wananchi wameuridhia mradi. Mmoja wa wazee waliosaini aliuliza swali siku ile: madema yake atayatega wapi gati likishajengwa? Akaambiwa swali lake limechukuliwa. Tumelitafuta ukurasa kwa ukurasa, halimo.

2. Wamehesabiwa wenye vyombo, wakaachwa wenye miguu

Hapa ndipo panapotuuma zaidi. Orodha ya watakaoathirika imetolewa kwenye daftari la vyombo na leseni. Mwenye ngalawa yumo, mwenye mtumbwi yumo, mwenye mashua yumo. Mwanamke anayeingia baharini kwa miguu yake, na kijiti cha kuchokolea pweza na ndoo, hayumo popote. Hana chombo, hana namba, kwa hiyo kwa hesabu ya ripoti hana hasara.

Lakini tazameni ni nani anayelisha nyumba. Mjane mmoja katika kikundi chetu hana shamba wala mume wa kumtafutia. Akipata pweza wawili, mmoja anamuuza dikoni, hapo pwani panaposhushwa samaki, kabla hajafika nyumbani, na pesa hiyo ndiyo mchele wa siku na daftari za skuli. Bamvua akiokota chaza na tondo, hicho ndicho kitoweo. Maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, yakimzuia kuteremka, wanawe wanaona tofauti kwenye sahani. Yeye na wenziwe ni wengi kuliko wenye vyombo wote wa ghuba hii, na mtu yeyote angeligundua hilo kwa kusimama ufukweni asubuhi moja akahesabu vichwa.

Mwani nao hivyo hivyo. Kilimo hiki kiliingia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, Pemba ikawa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Visiwa hivi, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo pesa ya kwanza tuliyoishika bila kuiomba kwa mtu. Mabati ya nyumba zetu, sare za watoto, mahari za wana wetu wa kiume, yametoka kwenye kamba zile. Vipande vyetu vya bahari havina hati. Kila mtu anajua mpaka wake kwa jiwe, kwa mkondo mdogo, kwa kigingi cha mama yake aliyemtangulia. Kwenye ramani ya ripoti, mahali hapo pameandikwa kuwa ni mchanga mtupu unaokauka maji yakipwa.

Kukosa hati hakumfanyi mtu kuwa hana haki. Viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambavyo wakopeshaji wengi wa miradi mikubwa huvifuata, vinasema hivyo katika kiwango cha tano: anayepoteza riziki kwa sababu ya mradi anastahili kufidiwa na kusaidiwa kuirudisha, hata kama hana miliki ya kisheria juu ya mahali anapofanyia kazi. Tunaomba mtuambie waziwazi kama mradi huu unafuata viwango hivyo au la.

3. Hali ya bahari imepimwa msimu mmoja tu

Watafiti walikuja wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, bahari imetulia na maji yanang'aa. Wakapiga mbizi sehemu chache, wakachukua chupa za maji, wakaondoka. Hakuna aliyerudi wakati wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini.

Waheshimiwa, bahari yetu ina nyuso mbili. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, lakini kusi inapovuma huongezeka kasi, na kaskazi inapovuma hupungua. Juu ya hayo kuna maji kujaa na kupwa, ambayo wakati wa bamvua hufika tofauti ya mita 4 hivi. Tope litakalotibuliwa Januari halitakwenda mahali pamoja na lile la Julai. Ripoti ina mchoro mmoja wa mwendo wa tope, na mchoro huo unalionyesha likitoka kwa utulivu kwenye mlango wa ghuba na kupotelea mkondoni. Mvuvi yeyote wa hapa angekuambieni kwamba kusi ikivuma, kila kinachoelea mlangoni hurudi ndani na kulala kwenye upande wa mwani. Magogo hufika huko, chupa za plastiki hufika huko. Hakuna sababu ya tope kukaidi.

Niseme kwa nini tunaling'ang'ania jambo hili kuliko mengine. Vipimo vya kabla ya ujenzi ndivyo vitakavyokuwa shahidi baada ya ujenzi. Mwani ukifa mwaka wa pili wa bandari, mtasema ni joto la bahari. Na mtakuwa na la kushika, kwa sababu ni kweli kwamba joto linatuua: aina ya kotonii, ambayo bei yake ni nzuri, imekuwa ikifa kwenye maji mafupi, na wengi wamebaki na spinosamu yenye bei ndogo. Pweza wakipungua mtasema wamevuliwa kupita kiasi. Matumbawe yakifa mtasema ni ule weupe unaoyapata maji yakipata moto, uliowahi kuyapiga vibaya mwaka 1998. Bila vipimo vya misimu yote, vya joto, vya uwazi wa maji, vya chumvi, vya kasi ya mkondo, vya majani ya bahari na matumbawe yaliyo hai, hatutakuwa na la kujibu. Mzigo wa kuthibitisha utatuangukia sisi, na sisi hatuna maabara.

Tuna kitu kimoja. Kikundi chetu kinaweka daftari la mizani: kila gunia lililopimwa, tarehe, uzito, aina ya mwani, bei na mnunuzi. Ndani yake kunaonekana miezi mizuri na mibaya, kaskazi na kusi. Hakuna mtafiti aliyeliomba.

4. Tope na mahali litakapotupwa

Ili meli kubwa ifike gatini, sakafu ya bahari lazima ichimbwe. Mchanga mzito huzama karibu. Udongo laini huelea siku nyingi, hukata mwanga, kisha hulala juu ya chochote kilichopo chini. Matumbawe yanaishi kwa mwanga, yakizibwa hufa. Majani ya bahari vilevile, na humo ndimo wanamokulia tasi na changu wadogo, na ndimo kasa wanamojilisha.

Tope tunalijua hata kabla ya mashine yenu. Masika mvua ikishusha udongo, mwani ulio karibu na mdomo wa mto huvaa ngozi ya kahawia. Inabidi kuusukasuka ndani ya maji kamba kwa kamba, shina kwa shina. Ukiuacha siku chache huanza kulainika pale ulipofungwa, halafu hukatika na kuchukuliwa na maji. Unaosalia ukiuanika hutoka na mchanga, mnunuzi anaukataa au anaushusha bei. Hiyo ni mvua ya siku chache. Mwani huvunwa baada ya wiki kama sita. Uchimbaji wa miezi utakula mavuno mfululizo, na mwenye kula kwa mavuno hayo hana akiba ya kungojea.

Ripoti inasema udongo utakaochimbwa utatupwa "nje ya ghuba, eneo linalofaa". Ni wapi huko? Kina chake ni mita ngapi? Mkondo wake unakwenda wapi? Pwani hii ya magharibi imo ndani ya Eneo la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba lililotangazwa mwaka 2005, na kisiwa cha Misali kimehifadhiwa tangu 1998. Wavuvi wetu wamekatazwa nyavu fulani na sehemu fulani kwa ajili ya hifadhi hiyo, na wengi wao wametii kwa hasara yao. Hawataelewa kuambiwa kwamba shehena za matope zimeruhusiwa mahali ambapo juya, wavu wa kukokota, limekatazwa.

Tunajua pia kwamba zipo njia za kupunguza madhara. Kuna mapazia ya kuzuia tope lisitawanyike. Kuna kupanga uchimbaji kwa kufuata maji na misimu. Kuna vipimo vya kila siku vyenye kikomo, ambacho kikifikiwa mashine inazimwa mpaka maji yasafike. Ripoti imeyataja mapazia kwa sentensi moja. Kikomo hakuna, wala hakuna jina la mwenye mamlaka ya kuizima mashine.

5. Mikandaa na ufukwe

Barabara ya kuingilia gatini inapita katikati ya mikandaa. Ripoti inaahidi kupanda miche mingine kufidia. Tunaheshimu ahadi hiyo, lakini mche hauzuii udongo wala hautunzi kaa na samaki wachanga mpaka ukue, na mikandaa haishiki kila mahali. Tena ukuta wa kuvunja mawimbi hubadilisha njia ya mchanga: upande mmoja hujaa, upande wa pili huliwa. Upande wa pili kwetu kuna diko, kuna msikiti, na kuna makaburi. Hatukuona hesabu yoyote ya hilo.

6. Meli zenyewe

Ripoti imeishia siku ya uzinduzi. Baada ya hapo kuna miaka ya meli. Zipo zinazobeba maji ya kuzipa uzito kutoka bandari nyingine na kuyamwaga zinapopakia, na ndani yake hutoka viumbe wageni. Mkataba wa kimataifa wa kulidhibiti jambo hilo ulipitishwa 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017. Nani atakagua hapa kwetu? Na mafuta yakimwagika? Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba Mauritius, zikamwagika tani zipatazo 1,000 za mafuta kwenye bahari ya watu wanaoishi kama sisi. Tunataka kujua vifaa vya kuzuia mafuta vitawekwa wapi na nani amefundishwa kuvitumia.

7. Nchi kavu

Waliohesabiwa minazi na mikarafuu yao wameahidiwa fidia, na mnazi una bei yake inayojulikana. Tunaomba walipwe kabla ya mti wa kwanza kuanguka. Malori ya mawe yatapita mbele ya skuli na chuo cha Kurani. Hakuna lililoandikwa kuhusu vumbi, mwendo, wala saa ambazo watoto wako njiani. Kambi ya wafanyakazi itakuwa karibu na kisima tunachokitegemea wakati wa kiangazi. Na mchanga wa ujenzi utatoka wapi? Zanzibar nzima inajua uhaba wa mchanga na mashimo yaliyobaki mashambani. Swali hilo peke yake lilistahili sura nzima.

8. Ripoti isiyosomeka

Ripoti ni ya Kiingereza, na nakala iliyowekwa kwa wananchi inasomewa ofisini mjini. Muhtasari wa Kiswahili una kurasa chache, na yote niliyoyataja hapo juu hayamo ndani yake. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya kitu asichoweza kukisoma.

Waheshimiwa, tunajua yatakayosemwa, na mengine tumeshaambiwa usoni.

Mtasema ripoti imekamilika na kila siku ya kuchelewa ina gharama. Tunaamini hivyo. Lakini kuchelewa kwa sababu ya kesi kuna gharama kubwa zaidi. Wenzetu wa Lamu, watu wa lugha yetu na bahari yetu, walikwenda mahakamani mwaka 2012 kuhusu bandari iliyokuwa ikijengwa kwao. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya huko Malindi ikaamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki yao ya mazingira safi imevunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Miaka sita imepita kati ya kesi na hukumu, kisha ikafuata rufaa. Wavuvi waliumia muda wote huo, na mradi nao ulibeba deni ambalo vikao vichache vya kweli mwanzoni vingeliepusha.

Mtasema tutahamishiwa sehemu nyingine ya kulimia mwani. Sehemu nzuri zote zina wenyewe. Kutupeleka huko ni kutugombanisha na dada zetu. Tukiambiwa tuende maji ya kina kirefu, ambako kweli kotonii inaweza kustawi, tutahitaji boti, maboya, kamba ndefu, na kujua kuogelea. Wengi wetu hatujui kuogelea. Hilo ni jambo linalofundishika na linaloweza kugharamiwa, lakini halitatokea kwa kuandikwa tu kwenye ripoti. Linataka bajeti na muda, na lianze kabla ya uchimbaji.

Mtasema kutakuwa na ajira. Tunazitaka. Tuambieni ni ngapi za wenyeji, ngapi za wanawake, na ngapi zitabaki ujenzi ukimalizika. Mama wa miaka hamsini aliyefunga mwani maisha yake yote hataendesha winchi.

Na tumeambiwa kwamba bahari ni ya Serikali. Hatubishi. Serikali ni yetu sote, na ndiyo maana tumekuja kwenu kwanza kabla ya kwenda kwengine kokote.

Tunayoyaomba ni haya:

(a) Mashine ya kuchimba isiteremshwe mpaka vipimo vya hali ya bahari vikamilike kwa kaskazi na kwa kusi, na matokeo yake yatangazwe.

(b) Ifanywe hesabu mpya ya watu wote wanaoitegemea ghuba, wenye vyombo na wasio na vyombo, kwa kwenda baharini pamoja nasi maji yakipwa. Vipande vya mwani vichorwe kwenye ramani, kila mmoja kwa jina la mwenyewe. Wanawake wa kikundi wako tayari kuwaongoza wapimaji bila malipo.

(c) Mkutano wa wananchi urudiwe, siku ya maji mafu, baada ya sala ya alasiri, uwanja wa skuli. Maswali yote yaandikwe pamoja na majibu yake, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutia saini.

(d) Ripoti nzima ipatikane kwa Kiswahili, nakala kwa kila sheha wa ghuba, tupewe muda wa kuisoma.

(e) Itajwe sehemu ya kutupa udongo na sababu ya kuchaguliwa kwake. Kiwekwe kikomo cha tope, na iundwe kamati ya ufuatiliaji yenye wavuvi na wakulima wa mwani ndani yake, itakayokuwa na haki ya kusimamisha uchimbaji kikomo kinapopitwa.

(f) Fidia ya riziki ya baharini iwekwe kwenye mkataba na ilipwe kabla, pamoja na mpango wa mwani wa kina kirefu kwa watakaotaka.

Gharama ya haya yote ni ndogo ukilinganisha na gharama ya gati. Ombi la (a) ndilo lenye kula muda, na ndilo ambalo hatutaliacha.

Tunaomba jibu kwa maandishi, limetiwa saini na mwenye dhamana, kabla masika hayajaisha. Likija, tutalisoma mbele ya watu wote kama tulivyoiandika barua hii mbele ya watu wote, na pale mtakapotuonyesha tumekosea tutasema. Lisipokuja, tutaipeleka barua hii pamoja na viambatanisho vyake kwa wanaotoa cheti cha mazingira, kwa Wawakilishi wetu, na kwa wanaoukopesha mradi. Nakala za barua za awali zenye muhuri, na daftari la mizani, zipo kwa katibu, na mtaalamu wenu yeyote anakaribishwa kuja kuziona.

Wabillahi tawfiq.

Katibu,
kwa niaba ya wakulima wa mwani, wavuvi na waokotaji wa ghuba,
Pemba.

Nakala: Masheha wa shehia zote za ghuba, kamati za wavuvi za shehia, Wawakilishi na Wabunge wa majimbo yetu.